Kisanduku Kitupu Hakisemi Hapana

Mate yana adabu yake, wanangu. Msinicheke. Nimekaa miaka mingi nikiwafundisha watu wazima kutema mate kwenye kichupa cha plastiki, wachungaji, wafanyabiashara, mabibi wenye jino moja, na nawaambieni kuna watu wamesoma mpaka chuo kikuu na kutema mate hawajui. Mtu anatema povu tupu, povu linafika kwenye mstari, anafunga kifuniko, ananiambia, "Tayari, Mama Nyamizi." Tayari nini? Povu likishuka, humo ndani kuna matone mawili. Subiri lishuke kwanza, ndipo uangalie mstari. Nusu saa kabla usile, usinywe, usipige mswaki. Na mzee akikuapia kwamba leo hajaweka ugoro, mwambie afungue mdomo uone mwenyewe, maana mimi nimeshaukuta ukielea kichupani kama majani ya chai. Kwa wenye midomo mikavu nilikuwa na dawa yangu: nakata embe bichi mbele yao, nalinyunyizia chumvi na pilipili, halafu siwapi. Mate yanakuja yenyewe.

Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza niliacha maabara ya hospitali, nilikokaa nikitafuta vijidudu vya malaria kwenye darubini mpaka macho yakaomba miwani. Mara ya pili ni juzi juzi tu, nilipoondoka kwenye kiofisi chetu cha Igogo, hapa Mwanza, cha kuwasomea watu majibu ya DNA. Rehema, binti niliyemwachia kiti, ndiye aliyenisumbua niandike haya kwa ajili yenu mnaoanza. Alisema, "Mama, waandikie kama unavyoongea." Haya, ndivyo ninavyoongea.

Kwanza mjue sisi hatukuwa tunapima. Walikuja watu na kesi za nani baba wa mtoto, nikawaelekeza mlango. Hizo zina sheria zake na maabara zake. Sisi tulihudumia watu wanaotafuta ukoo, wenye ndugu nje ya nchi, wanaotumiwa vifaa na kampuni za huko. Mtu anatema, kichupa kinasafiri, baada ya wiki kadhaa majibu yanakuja kwenye mtandao, kurasa na kurasa za Kiingereza na tarakimu, na mwenyewe haambulii kitu. Hapo ndipo Mama Nyamizi anaitwa.

Na hapo ndipo mtakapoitwa ninyi, kwa hiyo sikilizeni jambo hili moja. Kampuni haisomi vinasaba vyako vyote. Vinasaba ni barabara ndefu sana, na kampuni inasimama vituo ilivyovichagua tu. Kila kituo tunakiita alama. Isimame vituo gani, viwe vingapi, kampuni ndiyo inaamua, tena inabadilisha. Kipande kidogo kinachosoma hizo alama kinaitwa chipu, na kila baada ya miaka kadhaa wanatoa chipu mpya: wanaongeza alama hizi, wanaacha zile. Hawakuulizi. Watu wawili wamepimwa, mmoja kwa chipu ya zamani, mmoja kwa mpya, na vituo walivyosimama wote wawili vinaweza kuwa vichache kuliko unavyodhani.

Zamani ilikuwa vichekesho zaidi. Kwa upande wa wanaume, ule mstari unaotoka kwa baba kwenda kwa mwana, walikuwa wanapima alama kumi na mbili tu. Kumi na mbili! Wakaja wanaume wawili, mmoja wa Musoma na mwingine wa Sengerema, walikutana kwenye biashara ya samaki. Alama zao kumi na mbili zikalingana zote. Nikawaambia, kwa kujiamini kote nilikokuwa nako, kwamba wanatoka babu mmoja wa karibu. Wakakumbatiana pale ofisini. Wakachinja mbuzi, wakanialika, nami nikaenda nikala. Baadaye yule wa Musoma akatumiwa kipimo cha alama thelathini na saba, na mwenzake naye akaagiza. Loo! Undugu ukayeyuka wote. Babu wao wa pamoja alirudi nyuma huko hata jina la kabila lilikuwa halijazaliwa.

"Sasa mbuzi wangu?" yule wa Musoma akaniuliza.

"Ameshaliwa, bwana," nikamjibu. "Kaeni tu kama mlivyokaa."

Wakakaa. Mpaka leo wanaitana binamu, kwa ukaidi.

Kuna na yule mwalimu aliyekuja amekasirika kweli kweli, ameshika karatasi mbili. Mwaka uliotangulia kampuni ilimwambia ana asili kidogo ya Pwani. Kampuni ikaboresha hesabu zake, ile Pwani ikapotea. Alinitazama kama mimi ndiye niliyeichukua. "Nimeshawatangazia wanangu!" akasema. Nikamwambia damu yake iko pale pale, kilichobadilika ni kipimo. Hakuridhika. Nadhani alikwenda kwa mtu mwingine.

Nawasimulia haya ya kuchekesha kwa sababu ninalotaka kulisema halichekeshi, na ninajikaza kulifikia.

Hospitalini mkuu wangu wa maabara alikuwa Mzee Magesa, mtu wa Mara, mkali, mwenye shati jeupe Jumatatu mpaka Jumamosi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na sheria moja iliyokuwa juu ya sheria zote: katika rejista usiache kisanduku kitupu. Hukuona kijidudu? Andika sifuri. Mgonjwa hakutoa choo? Andika sifuri, upige na mstari. Kisanduku kitupu, alisema, mtu mwingine atakuja kukijaza anavyotaka. Siku moja niliacha viwili, akanifungia rejista usoni, paa, mbele ya wanafunzi. Sikurudia tena. Ile tabia ikaingia mkononi, ikawa mkono wenyewe. Kwa kazi ya darubini Mzee Magesa alikuwa sahihi kabisa, na kila nilichokuwa nacho hospitalini nilikipata kwake.

Sasa, akaja Bi Tabu wa Nansio, kule kisiwani.

Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, mkulima wa mihogo na machungwa, anaongea polepole. Mama yake, Mkerewe, enzi hizo alikuwa akishona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale Nansio. Huyo mwenye duka, Mwislamu, kijana bado, hajaoa. Tabu akazaliwa. Baadaye yule bwana akaoa kwao, akahamia Mwanza, akafungua duka kubwa mjini, na alishafariki zamani. Kati ya watoto wake wa ndoa alikuwa amebaki mmoja tu hapa, Mzee Karim, naye anaumwa moyo, na wanawe walioko Uingereza walikuwa wanataka kumchukua moja kwa moja.

"Sitaki duka," Bi Tabu aliniambia. "Sitaki nyumba. Nataka mtu mmoja wa familia ile aniite ndugu yake kabla hatujafukiwa. Mama alinipa jina la baba. Nimelibeba shuleni, nimelibeba kanisani, watu wananicheka kwamba najipachika kwa Wahindi."

Nikaenda kumwona Mzee Karim. Alinipokea vizuri, chai ya maziwa yenye tangawizi, adabu zote. Alishapimwa miaka ya nyuma alipowatembelea wanawe, na akakubali nitumie faili lake. Lakini aliweka sharti. "Karatasi ikisema ndiyo, Mama Nyamizi, nitampokea. Ikisema hapana, aache jina la baba yangu." Nikamwambia ni haki. Bi Tabu naye akakubali. Kichupa chake alitumiwa na binti yake, muuguzi huko ng'ambo.

Kampuni zilikuwa mbili tofauti, ya Karim chipu ya zamani na ya Tabu chipu mpya kabisa, kwa hiyo hakukuwa na mtandao wa kuwalinganisha. Nikapakua mafaili yote mawili nikayaweka kwenye jedwali la kompyuta, huyu kushoto, huyu kulia. Kila alama mtu ana herufi mbili, moja ya mama, moja ya baba. Watu wa baba mmoja huwa na sehemu ndefu ambamo, alama baada ya alama, wanakutana walau kwa herufi moja. Mlolongo mrefu usiokatika ndio urithi wenyewe. Wakishindwa kukutana hata kwa herufi moja, mlolongo unakatika, na ukikatika kila mahali, hao si ndugu.

Jedwali lilikuwa limejaa matundu. Alama moja iko kwa Tabu, kwa Karim hakuna. Nyingine iko kwa Karim, kwa Tabu hakuna. Mnajua nilifanya nini? Mkono wa Mzee Magesa. Nikaamuru kompyuta ijaze kila kisanduku kitupu kwa sifuri. Sikufikiri hata dakika moja. Jedwali likapendeza, safi, halina tundu. Na sifuri na herufi hazikutani, kwa hiyo milolongo ikakatika kila hatua mbili tatu, kuanzia juu mpaka chini.

Nikaandika: hakuna undugu. Nikapiga mhuri, nikaona nimefanya kazi ya kiume, ingawa mimi ni mwanamke.

Bi Tabu hakubishana nami. Aliikunja ile karatasi, akauliza njia ya kwenda kwa Mzee Karim, akaenda siku ile ile. Alimwomba msamaha kwa kumsingizia marehemu baba yake, mbele ya mpishi na mbele ya jirani aliyekuwa amekuja kumjulia hali. Kisha akarudi Nansio, akamwomba katekista amfutie lile jina kwenye kitabu cha kanisa. Haya yote niliyasikia, nikasema, masikini, lakini ukweli ni ukweli. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Miezi ikapita. Binti yangu Nyamizi akapewa zawadi ya kipimo na rafiki yake, chipu mpya. Mimi mwenyewe nilishapimwa zamani, tulipofungua ofisi, kwa ile chipu ya mwanzo. Siku majibu yalipotoka akaja ofisini na sambusa, akasema, "Mama, hebu tulinganishe, tuone nimechukua nini kwako zaidi ya ubishi." Nikaweka mafaili mawili kwenye jedwali, nikajaza matundu, nikabonyeza.

Hakuna undugu.

Nyamizi alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama, mliniokota wapi? Kirumba sokoni?" Nami nikacheka. Jamani, nilimzaa mimi! Uchungu wa siku mbili, tena katika hospitali ile ile niliyokuwa nafanyia kazi, na Mzee Magesa alikuja kunitazama akaleta uji! Nikacheka, nikajifuta machozi, halafu nikayasoma tena yale maneno mawili.

Rehema wakati ule alikuwa mgeni kazini, hana hata miezi mitatu. Aliinama kwenye kompyuta, akanyoosha kidole. "Mama, hizi sifuri zimetoka wapi?"

"Nimejaza mimi. Palikuwa patupu."

"Lakini hapa chipu yako haikusoma kabisa. Swali halikuulizwa. Sasa jibu limetoka wapi?"

Aliuliza kwa upole, mtoto wa watu, hakujua ananichoma. Tukaziondoa sifuri zote. Tukabakiza alama zile tu ambazo chipu zote mbili zilizisoma. Zilikuwa chache, mtu angeweza kuzidharau, lakini zikajipanga bila kukatika toka mwanzo hadi mwisho, mama na mwanawe. Nyamizi akapiga makofi. Mimi nikasema, "Rehema, funga mlango. Nitolee faili la Bi Tabu."

Milolongo ilikuwepo. Mirefu, mmoja baada ya mwingine, mtu hata asiyejua kazi angeiona. Kwa kiasi kile cha urithi angeweza kuwa dada wa baba mmoja, au shangazi, na lazima mseme hivyo hata kama inawaudhi wateja. Ila ukiweka na umri wao na historia ya lile duka, ilikuwa inabaki moja tu. Ndugu wa damu. Nami nilikuwa nimewatenganisha kwa mhuri.

Rehema akasema, "Piga simu tu, Mama, uwaeleze." Nikamwambia nilichokitoa kwa mhuri sikirudishi kwa simu. Kesho yake nikapanda meli ya Nansio. Nilikaa juu, upepo wote ule wa ziwa, na jasho linanitoka.

Nilimkuta Bi Tabu uani anamenya mihogo. Nikamwambia yote, sifuri, chipu, mwanangu, sikuficha hata punje. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akaosha kisu.

"Kwa hiyo mama yangu hakuwa mwongo," akasema.

"Hakuwa mwongo, dada."

"Na mimi sikujipachika."

"Hukujipachika."

"Nimeishi miezi yote hii nikimwona mama yangu mwongo. Kaburini mwake nimekwenda kumgombeza." Sauti yake haikupanda, na ningependa angenitukana. "Nilimwomba msamaha yule mzee mbele ya watu wake. Na wewe utakwenda kusema mbele ya watu hao hao. Mimi nitakuwa nimekaa hapo nasikia."

Wanangu, mimi ni mtu wa maringo, sitawaficha. Nilizoea kuitwa mama mtaalamu. Kusimama mbele ya mpishi wa watu na kusema nimekosea, nilitamani meli ile igeuke. Lakini nawaambia leo, katika vyote nilivyovifanya, vijidudu nilivyoviona, koo nilizounganisha, watu waliopata mashangazi wao Uganda na India kwa mkono wangu, hakuna ninachojivunia kama ile safari ya kurudi na Bi Tabu. Kukosea mtu yeyote anaweza. Tangu siku hiyo katika ofisi yetu kila faili linaandikwa juu kabisa, kwa wino mwekundu: kampuni gani, toleo gani la chipu. Pasiposomwa panaachwa patupu, na hakuna anayelinganisha kitu kabla hajahesabu alama zilizosomwa pande zote mbili. Rehema ameibandika sheria hiyo ukutani. Akija mteja ambaye alama zilizosomwa pande zote mbili ni chache mno, tunamwambia hatujui, apime tena. "Hatujui" ni jibu, lizoeeni.

Kwa Mzee Karim tulikuta masanduku yamefungwa kamba sebuleni. Alikuwa amebakiza siku tatu asafiri. Alikuwa amekonda, amekaa kwenye kiti chenye mito. Nikaomba mpishi aitwe, na jirani aitwe. Mpishi akaja anafuta mikono, jirani akaja na tasbihi yake. Nikasimama. Nikasema jina langu, nikasema karatasi niliyoiandika, iliyoletwa nyumba hii, ilikuwa na kosa, kosa ni langu, si la kompyuta wala la kampuni. Huyu mama ni damu ya nyumba hii. Aliomba msamaha wa kosa asilolifanya, na anayepaswa kuuomba ni mimi, kwake na kwenu.

Mzee Karim akauliza, "Una hakika mara hii?"

"Nina hakika. Na ukitaka tupime kwa chipu mpya, kichupa ninacho hapa mkobani."

Nikakitoa nikakiweka mezani. Alikisogeza pembeni kwa kidole. Kisha akasema, "Nitatema ukitaka, nikupe amani wewe. Mimi sina haja nacho." Akapumua, akashika kifua. "Nilijua, Mama Nyamizi. Baba aliniambia akiwa mgonjwa. Alisema, Nansio una dada, mtafute. Sikumtafuta. Nilikuwa na duka, nilikuwa na watoto, nikasema watu watasema nini. Ilipokuja ile karatasi yako nikamshukuru Mungu. Nikajiambia, unaona, ile ilikuwa homa inaongea, haikuwa baba."

Nilimkasirikia, kisha nikakumbuka ni mimi niliyempa pa kujificha, nikatazama chini. Bi Tabu alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anamtazama tu.

Mzee Karim akaanza kuinuka. Mpishi akakimbilia kumshika, mzee akausukuma mkono wake. Akashika meza, akashika mgongo wa kiti, akavuka zulia hatua kwa hatua mpaka akafika mbele ya Bi Tabu, aliyemzidi miaka minne. Mzee mzima, ambaye mji mzima unamwamkia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Bi Tabu hakuitikia upesi. Alimwacha asimame pale na shikamoo yake. Kisha akasogea pembeni kwenye kochi, akapapasa mahali palipobaki wazi.

"Marahaba," akasema. "Kaa hapa, mdogo wangu. Utaanguka."